Hakuna Aliyewahi Kuishi Lumera

Nchi inayosimuliwa hapa haipo, kwa hiyo msomaji asipoteze muda kuitafuta kwenye ramani, wala asimtazame jirani yake kwa jicho la kuulizia. Haipo kabisa. Ila kama ingekuwapo, ingekuwa na Wizara ya Maarifa Madogo.

Zamani ilikuwa Wizara ya Maarifa tu, bila nyongeza. Lakini maarifa makubwa yalikuwa na tabia mbaya ya kuwagombanisha watu, hata ikafika siku mwanachuo mmoja alimuuliza waziri swali ambalo jibu lake halikuwa limeandaliwa. Serikali ikaketi, ikatafakari, ikaamua kwamba kuanzia hapo wananchi watapewa maarifa kama wanavyopewa dawa ya kikohozi, kijiko kimoja kila asubuhi, na chupa ibaki juu kabatini. Kijiko hicho kiliitwa Chembe ya Leo.

Chembe ilisomwa redioni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya bei za mazao. "Neno la leo ni subira," mtangazaji angesema. "Maana yake ni hali ya kawaida. Siku kama ya leo katika historia, hakikutokea kitu. Je, wajua? Twiga ana mifupa saba shingoni, sawasawa na wewe, lakini yeye halalamiki."

Baada ya hapo nchi nzima ilikwenda kazini ikinong'ona. Walinong'ona kwa sababu hapakuwa na dirisha la huduma ambalo mtu angelifikia asiulizwe chembe. Ukienda posta, karani alikutazama akasema, "Chembe?" Ukienda kuandikisha mtoto, chembe. Aliyekosea neno moja alirudi mwisho wa foleni, na foleni za nchi ile mtu aliweza kuziingia kijana akatoka na mvi. Watu walizoea. Wenye akili nzito waliandika chembe kiganjani kwa kalamu, na siku za joto jasho likiwafutia, walilia kama watoto.

Tena chembe ikishatoka hewani ilikuwa haifutwi. Hilo liliingizwa kwenye katiba. Mwaka mmoja mtangazaji aliruka mstari akasoma kwamba kuku ana meno thelathini na mawili. Badala ya kukanusha, serikali iliongeza safu kwenye fomu za mabwana mifugo, na tangu siku hiyo meno ya kuku yanakaguliwa kila robo mwaka. Sifa ziwaendee wafugaji wetu, hadi leo hajapatikana kuku mwenye jino bovu.

*

Aliyeziandika chembe hizo zote alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, Siwema Luhende, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alipenda kujua mambo tangu utotoni. Alikuwa akisoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa vitumbua, akila baadaye, na mara nyingi habari ilikatika katikati pale mafuta yalipolowesha. Alikua akiwa na nusu ya kila jambo kichwani, na hamu ya nusu nyingine.

Ofisini aliandika ukweli, kisha Mkurugenzi Sungwa, bosi wake, aliuongezea mkia. Siwema akiandika kwamba pweza ana mioyo mitatu, Mkurugenzi aliongeza, "na yote mitatu inaipenda nchi yake." Siwema akiandika kwamba ukame ni kukosekana kwa mvua, Mkurugenzi alifuta na kuweka, "jua lenye bidii." Mwanzoni alinuna. Baadaye aliona afadhali kichwa cha ukweli chenye mkia wa uongo kuliko mnyama mzima wa uongo, na kwa hesabu hiyo aliweza kula na kulala kwa miaka kumi na miwili.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuliandikia chembe, nalo lilikuwa Lumera.

Umeme na maji ya mji mkuu vilitoka Bwawa la Shukrani, na chini ya bwawa hilo ndiko liliko bonde la Lumera. Miaka thelathini na minne nyuma, watu wa bonde hilo waliambiwa wahame kabla ya Jumamosi. Waliambiwa kwa barua, yenye muhuri, wakafunga mizigo yao bila ubishi. Ikatokea kwamba Kiongozi, aliyetakiwa kubonyeza kitufe cha kuuingiza mto bondeni, alipata safari ya nje Jumamosi hiyo, na sherehe ikawahishwa hadi Alhamisi, siku mbili kabla. Wageni wote waalikwa walijulishwa mabadiliko ya ratiba. Watu wa Lumera hawakuwa kwenye orodha ya wageni.

Walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Siwema alikuwa na miaka minne wakati ule, na alipona kwa kuwa mama yake, Bi Kalunde, alikuwa amembeba kwenda mnada wa Kizimbe, huko juu mlimani, kuuza karanga. Walirudi na chumvi na kitenge kipya, wakakuta ziwa. Luhende, baba yake, alikuwa amebaki nyumbani kufunga magodoro.

Tangu hapo mabomba ya mji mkuu yalikuwa na desturi ya kukohoa. Ukifungua koki asubuhi, kabla maji hayajatoka, kilisikika kikohozi kizito cha mtu mzima, wakati mwingine cha mtoto. Wizara ilitoa chembe kueleza kwamba ni hewa. Wananchi waliikariri chembe hiyo vizuri sana, na kila bomba lilipokohoa waliendelea kusema "pole" kwa sauti ya chini kabla ya kukinga ndoo. Inasemekana hata nyumbani kwa Waziri husemwa, ila huko husema mpishi.

*

Tatizo lilianza na sukari.

Kila Ijumaa saa saba mchana redio ilikuwa na mchezo ulioitwa Bahati ya Mjuzi. Swali lilitoka kwenye chembe za wiki, likatangazwa mapema wiki hiyo, wasikilizaji wakatuma jibu kwa kadi ya posta, na kila aliyepatia alisomwa jina lake na mahali anapotoka, taifa zima likisikia. Zawadi ilikuwa kilo ya sukari, mche wa sabuni na kalenda yenye picha ya Kiongozi. Kadi zilizokuja hazikuzidi tano kwa wiki, kwa sababu wananchi wa nchi ile walikuwa wamejifunza siku nyingi kutoandika majina yao mahali popote.

Sasa Mkaguzi wa Zawadi, Bwana Kidoto, mtu mfupi mwenye kutembea na rula, alikuta stoo ya posta kilo kumi na sita za sukari zimeliwa na sisimizi. Wenyewe hawakuja kuzichukua. Aliketi juu ya gunia akafikiri sana. Katika utumishi wake wote hakuwahi kumwona raia aliyeacha sukari ya bure. Raia wa namna hiyo, aliandika kwenye taarifa yake, ama amekufa ama ni mpinzani.

Kikao kiliitishwa Jumatano. Siwema hakuwahi kusikiliza mchezo wa Ijumaa, maana saa hiyo alikuwa kwenye kikao cha kupitisha chembe za wiki inayofuata, kwa hiyo aliingia chumbani akiwa hajui lolote. Bwana Kidoto alizipanga kadi kumi na sita mezani kwa rula.

"Waheshimiwa," alisema, "kadi zote zina majibu sahihi. Zote zina mwandiko mmoja. Na zote, naomba mnivumilie kwa neno hili, zinatoka Lumera."

Watu wakaacha kutafuna njugu. Mkurugenzi Sungwa alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu zangu, hili ni shambulio dhidi ya maarifa madogo. Leo adui anajibu maswali yetu kwa usahihi. Kesho atauliza yake. Naelekeza kwamba kuanzia Jumatatu, katika kila dirisha la huduma, mwananchi akishasema chembe aiandike pia kwa mkono wake, na maandishi yafananishwe na kadi hizi. Tutampata. Tukishampata, atapelekwa Sahihisho."

Kituo cha Sahihisho kilikuwa nje kidogo ya mji, jengo safi lenye bustani. Hakuna aliyepigwa huko. Watu walioingia wakikumbuka mambo vibaya walitoka wakikumbuka vizuri, watulivu, chembe zote kichwani za miaka yote, ila njia ya kurudi nyumbani hawakuikumbuka, na ndugu zao iliwabidi wawafuate getini na kuwashika mkono.

Siwema aliivuta kadi ya kwanza. Ilikuwa na wino wa kijani. Jibu: mioyo mitatu. Jina: Luhende Mihayo. Mahali: Lumera. Herufi zilikuwa kubwa, za kubonyeza, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani katika madarasa ya jioni, na mstari wa mwisho ulipanda juu upande wa kulia kama unavyopanda mstari wa mwisho wa kila orodha ya sokoni aliyopewa na mama yake tangu akiwa shule. Baba yake alikuwa amejibu swali la pweza. Siwema aliirudisha kadi mezani sawasawa na rula.

*

"Ni zako, mama," alisema jioni ile.

Bi Kalunde alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Miaka sitini na minane, presha, macho bado makali.

"Zangu mimi? Zina majina ya wenyewe."

"Mama."

"Sasa ulitaka waandike wenyewe? Wana mikono?" Aliutikisa ungo. "Hatukuwazika, Siwema. Maji hayachimbiki. Tulikaa miaka yote hii na watu mia mbili na kumi na wawili wapo kiporo. Halafu siku moja nasikia redio inasoma majina ya watu na kwao, mji mzima kimya unasikiliza. Nikasema, kumbe. Serikali iliyowaua itawataja kwa sauti yake yenyewe, mmoja mmoja, na haitajua. Kaburi gani kubwa kuliko hilo?"

Siwema akaelewa vile vikombe. Kila Ijumaa aliporudi kazini alikuta mkeka umekunjwa ukutani, na vikombe saba au vinane vya kahawa vimeoshwa na kufunikwa. Alidhani ni kikundi cha akina mama wa kusikiliza redio. Walikuwa wazee waliobaki wa Lumera, waliokuwa minadani au hospitali au ugenini siku ile. Saa saba jina lilisomwa, wakaweka matanga, wakamlilia mtu mmoja kwa mchana mmoja, wakanywa kahawa, wakatawanyika hadi wiki ijayo.

"Jumatatu wanaanza kufananisha miandiko," alisema Siwema. "Kliniki yako ndiyo ya kwanza. Watakupata kabla ya saa nne."

"Wakija watanikuta."

"Watakupeleka Sahihisho, mama. Utatoka hunijui."

"Nimefika wa kumi na sita," Bi Kalunde alisema, kama hakusikia. "Kwa wiki mtu mmoja, wote ni miaka minne na kidogo. Nimemwomba Mungu anipe hiyo minne tu, sijaomba wa tano. Usiniambie niache."

Siwema alimwogopea mama yake kuliko alivyowahi kuogopa chochote. Mtu mwingine angemwogopea akalia. Yeye aliogopa kwa namna aliyofundishwa na kazi, akaanza kutafuta maneno.

*

Alhamisi aliomba nafasi ya kusema kikaoni.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, tukimtafuta mwandishi wa Lumera tutakuwa tumekubali kwamba Lumera ina mwandishi. Karani gani atafananisha mwandiko bila kuuliza ni wa nani? Nchi nzima italitamka jina hilo dirishani. Mimi napendekeza chembe moja tu. Hakuna mtu aliyewahi kuishi Lumera. Ikishatoka hewani, kadi hizi hazina mwenyewe. Na kadi isiyo na mwenyewe haina jalada."

Kisha Bwana Kidoto, polepole, akaiweka rula yake mfukoni.

Mkurugenzi Sungwa alitokwa na machozi. Alisema katika maisha yake ya utumishi hakuwahi kuona ufumbuzi usiotumia mafuta ya gari. Alimpandisha cheo palepale, kuwa Mwandishi Mkuu wa Chembe na Mtia Saini wa Bahati ya Mjuzi, na akaomba wajumbe wasimame dakika moja kwa furaha. Zoezi la miandiko likafutwa. Kadi kumi na sita zikachomwa kwenye sufuria ya chai.

Siwema alirudi mezani kwake akaiandika chembe. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, Mkurugenzi hakuongeza mkia.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu walikuwa wote wawili mezani, yeye na mama yake, na chai. "Neno la leo ni shukrani," mtangazaji alisema. "Maana yake ni kunyamaza kwa furaha. Siku kama ya leo katika historia, hakikutokea kitu. Je, wajua? Katika bonde la Lumera hakuna mtu aliyewahi kuishi."

Bi Kalunde hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini. Midomo yake ilianza kusogea, na Siwema alifikiri anaomba, mpaka alipomwinamia akasikia kwamba anakariri.

*

Kliniki ilikuwa siku hiyo hiyo, dawa za presha. Siwema aliomba ruhusa kazini akamsindikiza. Foleni ilikuwa inanong'ona Lumera, Lumera, watu mia na zaidi, wengi wao hawakuwa wamewahi kulitamka jina hilo maishani mwao. Walilitamka kwa uangalifu wasije wakakosea.

"Chembe?" alisema karani, kijana mstaarabu mwenye tai.

"Neno la leo ni shukrani, maana yake ni kunyamaza kwa furaha," alisema Bi Kalunde, amesimama wima. "Siku kama ya leo katika historia, hakikutokea kitu. Katika bonde la Lumera hakuna mtu aliyewahi kuishi."

"Sahihi kabisa, bibi. Laiti wote wangekuwa kama wewe." Alifungua kadi yake, akakunja uso. "Hapa imeandikwa umezaliwa Lumera."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Karani alitazama kadi, akatazama ukutani palipobandikwa chembe, akatazama tena kadi. Alikuwa mtu mwema na hakutaka kumsumbua mzee. Akachukua kalamu akafuta, na kwenye nafasi ya mahali pa kuzaliwa akaandika: hakuzaliwa. Akapuliza wino ukauke.

"Na mume?"

"Alikuwa wa Lumera."

"Basi hakuna. Watoto?"

"Sina."

Siwema aliyekuwa ameshika mkoba wa mama yake alisogea dirishani. "Mama, mimi hapa," alisema. Akamgeukia karani. "Mimi ni mtoto wake."

"Kadi, dada."

Akaitoa. Alipopata ajira wizarani, miaka ile, walimshauri abadilishe mahali pa kuzaliwa, akabadilisha, kwa kuwa kila mtu alifanya hivyo.

"Wewe umezaliwa hapa mjini," alisema karani.

"Umeona," Bi Kalunde alimwambia karani kwa upole. "Na mimi sijawahi kuzaa mjini. Niliyemzaa nilimzaa Lumera, kwenye nyumba ya pili kutoka mtoni, mkunga akiwa Nyamizi Kasanda. Kama hakuna aliyewahi kuishi huko, basi na mtoto huyo hakuwahi kuishi. Binti huyu ni mtu mzuri, amenishikia mkoba."

Akapokea dawa zake, akamshukuru karani, akamshukuru na Siwema.

*

Nyumbani hakuwa na ukali. Hilo ndilo lilimtesa Siwema. Mama yake alimpakulia chakula cha kutosha, akamtandikia kitanda, akamwita bibie. Alipotoka bafuni alibisha hodi kwenye chumba ambacho wamelala wote miaka ishirini. Siwema hakujua kama mama yake anamwadhibu au anatii sheria, au kama akili imeondoka kweli. Alimpiga maswali ya mtego, jina la ng'ombe wao, rangi ya kile kitenge cha mnadani, na mama yake alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mgeni anayeulizwa njia asiyoijua.

"Nilifanya kwa ajili yako," Siwema alisema Jumanne, akilia. "Wangekuchukua. Usingenitambua tena."

"Pole, bibie," Bi Kalunde alijibu. "Mimi nilikuwa na binti, ila imeonekana sikuwa naye. Usinililie."

Jumatano alimwona amekaa dirishani na kalamu, amempa mgongo. Hakuthubutu kusogea.

Ijumaa, kwa cheo chake kipya, ilimpasa kusaini orodha ya Bahati ya Mjuzi. Swali, kwa mujibu wa kanuni, lilikuwa limetoka kwenye chembe za wiki: Je, ni watu wangapi waliwahi kuishi katika bonde la Lumera? Zilikuja kadi nne. Mbili zilisema hakuna. Moja ilisema sifuri, ikakubaliwa. Ya nne ilikuwa na wino wa kijani.

Jibu: hakuna hata mmoja. Jina: Siwema Luhende. Mahali: Lumera.

Aliisoma kama mtu anayesoma barua iliyofunguliwa na wengine kwanza. Mwandiko ulikuwa ni wa kubonyeza, na mstari wa mwisho ulipanda. Mama yake alikuwa amewaandika watu kumi na sita kabla yake, na wote kumi na sita walikuwa wamekufa. Alimweka wa kumi na saba. Kulikuwa bado na watoto, kulikuwa na bibi yake mzaa baba, kulikuwa na mkunga Nyamizi, wote hao walikuwa wanangoja zamu, na yeye alipitishwa mbele yao.

Kanuni zilimruhusu kuitupa. Angesema wino umechuruzika. Lakini alijua kwamba saa saba mama yake atakuwa ameketi mbele ya redio na wazee wake, ametandika mkeka, na jina lisiposomwa atakaa hapo mchana kutwa akilisubiri. Alikuwa amemnyang'anya majina mia moja na tisini na sita. Hakuweza kumnyang'anya na hili.

Akasaini.

Saa saba na dakika tano mtangazaji, mwenye sauti nzuri kuliko zote nchini, alisema kwamba jibu sahihi ni hakuna hata mmoja, na kwamba miongoni mwa washindi ni Siwema Luhende, wa Lumera. Mji ulikuwa kimya kama kawaida ya saa hiyo, na kikaoni, kwa heshima ya Mtia Saini mpya, redio ilikuwa imewashwa kwa mara ya kwanza. Chumba cha kikao kilimgeukia. Mkurugenzi Sungwa alifunga kifungo cha koti, akafungua, akafunga tena, akijaribu kuona amkemee nani. Chembe haifutwi. Siwema Luhende wa Lumera hakuwahi kuishi, na mtu ambaye hakuwahi kuishi huwezi kumfukuza kazi wala kumpeleka Sahihisho.

"Nani aliyemwacha mwananchi aingie kikaoni?" aliuliza hatimaye, akitazama dari.

Bwana Kidoto alikivuta kiti cha Siwema akiwa bado amekikalia nusu, akakipanga na vingine. Mlinzi wa getini, waliyesalimiana kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili, alimfungulia kwa heshima akamwambia siku nyingine apitie mapokezi.

Alitembea kwa miguu hadi nyumbani. Mlangoni kulikuwa na viatu vya wazee, jozi nane, na ndani sauti za kilio cha chini, cha watu waliozoea kulia pamoja. Walikuwa wamevaa kaniki. Mama yake alikaa katikati ya mkeka, amejifunga kitambaa kichwani, macho yamevimba, na hayakuwa machozi ya kuigiza. Alilia kama mtu aliyengoja miaka thelathini na minne ruhusa ya kulia. Alipomwona Siwema alinyanyua mkono.

"Karibu, bibie. Karibu, ahsante kwa kuja. Wapisheni mgeni akae."

Wakampisha. Mmoja wa wazee alimmiminia kahawa akampa, hakumtazama usoni. Siwema alivua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka, akashika kikombe kwa mikono miwili. Akasema linalosemwa.

"Poleni sana, mama. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Binti yangu," alisema Bi Kalunde, akijifuta uso kwa pembe ya kitambaa. "Wa pekee. Alikuwa anajua mambo mengi sana."